Sura ya Saba: Mkojo wa Paka katika Nyumba ya Chokaa

Nyumba ikinuka mkojo wa paka, mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua. Pua huzoea. Harufu inayoshinda nasi mchana na kulala nasi usiku hatuisikii tena, na mtu anaweza kula, kulala na kusali ndani ya uvundo bila habari, mpaka asafiri siku mbili tatu, arudi, afungue mlango, ndipo ajiulize ni nyumba ya nani hii. Wageni nao hawasemi. Shangazi aliyetoka Tanga atakaa sebuleni, atakunywa kahawa, ataisifu haluwa, na maneno yote atakwenda kuyatoa kwa binti yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza katika sura hii haihitaji dawa yoyote. Tafuta mtu asiyeishi kwako, hasa mtoto wa miaka saba au minane, maana mtoto haoni haya kusema hapa pananuka, umpitishe chumba kwa chumba, kona kwa kona.

Sisi watu wa mwambao tunayo dawa ya kale ya harufu mbaya, nayo ni kuifunika. Chetezo kinatiwa makaa, juu yake kipande cha udi au punje za ubani, moshi unazungushwa vyumbani, na kwa saa mbili tatu nyumba inanukia arusi. Sina ugomvi na udi. Lakini udi hauondoi kitu, unaongeza. Kesho yake moshi umeshatua juu ya kochi lilelile lenye mkojo, na kinachotoka ni harufu ya tatu ambayo haina jina na haina staha. Marashi ya kopo yafanya vivyo hivyo, na maji ya waridi, na sahani ya buni iliyowekwa pembeni. Harufu ni kitu chenye mwili. Ni chembechembe zinazoruka hewani kutoka mahali fulani, na maadamu kitu chenyewe kipo mahali pale, chembe zitaendelea kuruka. Basi maswali ni mawili tu: kitu hicho ni nini, na kimezama wapi?

Tuanze na nini. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame aliyekuwa akipata sehemu kubwa ya maji yake katika nyama ya mawindo. Figo zake zimeumbwa kubana maji. Paka wa kilo nne hutoa mkojo wa takriban mililita 80 hadi 160 kwa siku nzima, kiasi kidogo, lakini mzito. Ndani yake mna yurea nyingi, chumvi, rangi ya manjano na taka nyingine za mwili. Mkojo unapotoka una harufu hafifu tu. Baada ya hapo bakteria huivunja yurea na kutoa amonia, ile harufu inayochoma macho, na hiyo ndiyo tunayoisikia siku ya kwanza na ya pili.

Amonia ingekuwa ndiyo shida yote, sura hii ingekuwa fupi. Amonia huruka na kwisha. Kuna kitu kingine ambacho paka ni mjuzi wa kukitengeneza. Katika mkojo wake mna asidi ya amino yenye salfa inayoitwa felinini. Mwaka 2006 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Masao Miyazaki walionyesha jinsi inavyopatikana: figo za paka hutoa protini waliyoiita koksini, na protini hiyo ndiyo inayozalisha felinini ndani ya mkojo. Dume asiyehasiwa ana nyingi mno kuliko jike au dume aliyehasiwa. Felinini yenyewe hainuki. Inavunjika polepole, siku baada ya siku, ikitoa thioli, yaani kemikali za salfa za ukoo mmoja na ile inayotiwa kwa makusudi katika gesi ya kupikia ili mtungi ukivuja tujue. Watengenezaji wa gesi waliichagua salfa kwa sababu pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe chache sana. Paka naye ameichagua kwa sababu hiyohiyo: anaandika jina lake mahali, na anataka lisomeke muda mrefu.

Hapa niseme neno kuhusu matangazo. Chupa nyingi za dawa za harufu zinazotoka nje husimulia habari ya fuwele za asidi ya yuriki zisizoyeyuka katika maji, kwamba ndizo zinazorudisha harufu. Asidi ya yuriki ni kweli haiyeyuki vizuri, lakini ni taka ya binadamu zaidi kuliko ya paka. Paka na mbwa wana kimeng'enya kiitwacho yurikesi kinachoigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa wepesi zaidi. Mbwa wa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi, ndio wanaojulikana kwa kutoa asidi ya yuriki nyingi kwa sababu ya hitilafu ya kurithi. Kwa paka, mshtakiwa wangu wa kwanza ni salfa, na dawa nitakayoitaja mbele nimeichagua kwa sababu hiyo.

Halafu kuna masika. Watu wengi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wamewahi kuapa kwamba harufu imekwisha, mvua zikaanza, ikarudi kama deni. Paka hajakojoa upya. Chumvi za mkojo uliokauka hufyonza unyevu wa hewa, doa linalowa tena bila mtu kulimwagia kitu, bakteria wanaamka, na chembe zilizokuwa zimelala zinapanda. Wa Dodoma au Nakuru wanaweza kusahau doa la zamani mwaka mzima. Sisi wa pwani hatupewi nafasi hiyo.

Sasa wapi. Mkojo huzama. Kwenye kochi au zulia, doa unaloliona juu ni dogo. Chini yake mkojo umetanuka, umeingia katika sponji, umefika mbaoni, pengine umepita hadi sakafuni. Hapa ndipo wengi hushindwa, na si kwa sababu ya dawa mbaya. Wanapangusa juu kwa kitambaa chenye sabuni, wanaacha chini kulivyo. Kanuni yangu ni hii: dawa yoyote lazima ifike mkojo ulikofika, kwa wingi usiopungua mkojo wenyewe, na ikae muda wa kutosha kufanya kazi.

Kulipata doa kuna njia rahisi ambayo karibu kila mtaa unayo. Ile taa ndogo ya zambarau wanayotumia wenye maduka na mawakala wa pesa za simu kukagua noti bandia ni taa ya urujuanimno, na mkojo uliokauka hung'aa chini yake kwa rangi ya manjano iliyofifia. Azima moja, ngoja usiku, zima taa zote, pita polepole ukimulika chini na kuta hadi kimo cha goti. Usidanganyike na mng'ao wa samawati: hiyo huwa sabuni ya unga, kwani hutiwa kemikali za kuzing'arisha nguo. Lau taa haipo, piga magoti utumie pua, bila aibu. Weka alama ya chaki kuzunguka kila doa, na uifanye alama kubwa kuliko doa.

Mkojo mbichi una huruma. Ukimkuta paka papo hapo, usisugue. Kusugua ni kuusukuma ndani. Weka taulo kuukuu juu yake, simama juu ya taulo kwa uzito wako wote, badilisha upande, simama tena, mpaka taulo litoke kavu. Kisha mimina maji baridi juu ya doa, mengi kuliko mkojo uliokuwepo, na uyanyonye kwa taulo jingine. Rudia. Ukifanya hivi ndani ya nusu saa, mara nyingi huhitaji kitu kingine zaidi ya sabuni kidogo.

Msomaji Muislamu atakuwa ameona kwamba njia hii si ngeni kwake. Paka mwenyewe ni tohara: kipo kisa mashuhuri cha sahaba Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na mkaza mwanawe Kabsha akistaajabu. Mkojo wake lakini ni najisi, na msala uliopatwa hausaliwi mpaka utoharishwe. Wanavyuoni wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao, wanataka maji yamiminwe juu ya najisi. Kitu chenye najisi kikitumbukizwa katika maji machache ya beseni, maji yenyewe hunajisika. Na kipo kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Madina, ambapo Mtume aliwazuia watu wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imiminwe pale. Fundi wa kusafisha mazulia atakwambia hivyohivyo bila kutaja fikhi: beseni moja la maji husambaza mkojo nguo nzima, maji yanayopita huondoka nao. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba kwa Mashafii siki na dawa nyingine haziondoi najisi. Zitumie upendavyo kwa ajili ya harufu, lakini mkono wa mwisho uwe wa maji matupu. Na ikiwa baada ya juhudi ya kweli imebaki rangi peke yake au harufu peke yake isiyotoka, hiyo husamehewa. Vikibaki vyote viwili, kazi haijaisha. Fikhi ina huruma hiyo. Shangazi wa Tanga hana.

Mkojo uliokauka ndiyo kazi yenyewe, na hufanywa kwa awamu.

Awamu ya kwanza ni vimeng'enya. Nje ya nchi zinauzwa dawa maalumu za chupa, na maduka ya wanyama ya Nairobi na Dar es Salaam huwa nazo kwa bei ya kuuma. Mbadala mzuri ni sabuni ya unga ya kufulia iliyotiwa vimeng'enya. Geuza pakiti, soma viambato nyuma, tafuta neno enzymes. Ikiwa halipo, ni sabuni ya kawaida tu na haitakufaa kwa kazi hii. Koroga sehemu moja ya unga katika sehemu tisa za maji vuguvugu, yasiwe ya moto, maana moto huua vimeng'enya. Mimina mpaka doa na pembezoni mwake palowe hadi chini, funika kwa karatasi ya nailoni pasikauke, uache saa kadhaa, hata usiku kucha. Vimeng'enya ni kama wafanyakazi wa kibarua: wakipewa maji na muda watamaliza shamba, wakikaushwa wanaweka jembe chini. Baada ya hapo suuza kwa maji baridi na unyonye. Kamwe usiwatangulizie jiki wala siki, zitawaua kabla hawajaanza. Na usiwatumie kwenye sufu wala hariri, kwani vimeng'enya vinavyokula protini ya mkojo vitakula na zulia, ambalo nalo ni protini.

Awamu ya pili ni kuivunja salfa, na hapa tunamshukuru mnyama ambaye hatunaye. Marekani kuna mnyama wa kufanana na kicheche wetu, mweusi mwenye mistari myeupe, anayerusha majimaji yanayonuka kiasi cha kumtoa mtu machozi. Majimaji hayo ni thioli, ndugu wa zile za paka. Mwaka 1993 mkemia wa jimbo la Illinois, Paul Krebaum, alitoa katika jarida la wanakemia la nchi hiyo mchanganyiko wa kuwaoshea mbwa waliorushiwa: takriban lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bikaboneti, yaani ile soda ya kuokea, na kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Peroksaidi huipa thioli oksijeni na kuigeuza kuwa kitu kisichoruka hewani na kinachooshwa na maji. Bikaboneti huiharakisha kazi, sabuni huifikisha pembeni.

Peroksaidi hupatikana duka la dawa, ile wanayosafishia vidonda. Soma lebo: ikiwa ni ya asilimia 6, ichanganye na maji kiasi chake. Changanya palepale unapotaka kutumia, mimina kwenye doa, acha nusu saa hadi saa nzima, suuza. Kinachobaki kimwage. Usikitie chupani ukafunga, kwa sababu kinaendelea kutoa oksijeni na chupa itapasuka. Halafu jaribu kwanza upande wa chini wa kochi au kwenye pindo, maana peroksaidi hupausha rangi. Kochi la rangi ya maziwa halina neno. La buluu iliyokoza linaweza kupata doa jeupe utakaloliona kila siku badala ya harufu uliyokuwa ukiisikia.

Godoro la sponji lataka ujanja. Ukimimina juu, nusu ya dawa hutiririka pembeni kabla haijazama. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, bila sindano yenyewe, uchome mdomo wake katika sponji na kuingiza dawa kidogo kidogo doa zima, juu na chini. Simamisha godoro ukutani, feni liwake, na asubuhi litoke juani. Chagua siku zako. Sponji nene iliyoloweshwa katikati ya masika haikauki, na baada ya juma utakuwa umebadilisha mkojo kwa ukungu. Kungoja kaskazi ianike vizuri si uvivu. Godoro la sufi au pamba, kama yale ya wazee wetu, lifumue: vua foronya, tupa sufi iliyopatwa, jaza nyingine. Mkeka wa ukindu uliokojolewa mara moja huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa, ila peroksaidi usiitie, utaupotezea rangi. Mkeka uliokojolewa miezi mitatu mahali pamoja, utoe. Bei ya mkeka mpya ni ndogo kuliko ya wiki mbili za kuhangaika.

Sasa siki. Siki ni asidi, na asidi huifunga amonia ikawa chumvi isiyoruka. Ndiyo maana siki iliyotiwa maji nusu kwa nusu hufanya kazi nzuri kwenye nguo, sakafu ya vigae na plastiki, hasa mkojo ukiwa wa siku moja mbili. Kwa salfa ya dume haina nguvu nyingi. Na wale wanaochanganya siki na bikaboneti kwa kufurahia mapovu wanajichosha: viwili hivyo vinauana, na baada ya kelele unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja, au tumia kimoja leo na kingine kesho.

Siki ina adui mwingine, na huyu ni wetu hasa. Nyumba za zamani za Lamu, za Mji wa Kale wa Mombasa na za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Matumbawe na chokaa iliyokomaa vyote ni kalisi kaboneti, na siki huila. Ukiona ukuta unatoa mapovu chini ya siki, usifurahi kwamba dawa inafanya kazi. Ni plasta yako inayoyeyuka. Sakafu ya marumaru na ya terazo nazo hupoteza mng'aro kwa sababu hiyohiyo. Balaa jingine la chokaa ni kwamba haina uchachu hata kidogo, na amonia mahali pasipo na uchachu huachiwa iruke, wala haifungwi. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hunuka kuliko ubao uliopata mkojo uleule. Saruji nayo ina tabia hiyo. Na Lamu paka wanatembea kama wenye mji, kila kipembe cha kichochoro kina saini ya dume fulani, hivyo mwenye nyumba hapambani na paka wake peke yake.

Kwenye ukuta wa aina hii mimi huwashauri watu waazime kazi ya mafundi wanaokarabati majengo ya kale, wanaotoa chumvi ukutani kwa kibandiko. Osha ukuta kwa mchanganyiko wa peroksaidi na bikaboneti, suuza, kisha loweka pamba au karatasi laini ya chooni katika maji safi mpaka iwe rojo, uibandike ukutani unene wa kidole, uiache ikauke yenyewe. Maji yanapotoka ukutani kuelekea kwenye kibandiko kinachokauka, hubeba chumvi za mkojo. Kibandue, tupa, bandika kingine. Ni kazi ya subira na haigharimu karibu chochote. Ikiwa plasta imeoza, igongwe itoke, kisha ipakwe chokaa mpya. Fundi atakayekwambia apake saruji ili kufungia harufu mwambie asante, aende. Saruji juu ya matumbawe hufungia unyevu ndani, na ukuta utachanika na kuvimba huku ukinuka kwa pembeni.

Sakafu ya saruji isiyo na vigae hufyonza mkojo, na baada ya kuoshwa mara kadhaa inaweza kubaki na kiini kisichotoka. Hapo kuifunika kunaruhusiwa, lakini kufunika kwa kweli, kwa rangi ya epoksi baada ya sakafu kukauka kabisa. Ubao nao upakwe shelaki, ambayo mafundi wa fanicha wanaijua kwa kazi nyingine. Ukipaka juu ya ubao mbichi au mchafu, umefunga mlango na mwizi ndani.

Kuna vitu nawaomba wasomaji wasivitumie. Cha kwanza ni jiki. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi za kloramini zinazounguza mapafu, na ikikutana na siki hutoa klorini yenyewe. Katika choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kuanguka. Cha pili ni zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji, zilizomo karibu kila bafu la Afrika Mashariki. Zina fenoli. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuondoa fenoli mwilini, na paka hujilamba miguu, hivyo alichokanyaga atakimeza. Cha tatu kitawauma Wapemba: mafuta ya karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, nayo ni fenoli pia. Yanukie yatakavyonukia, sakafuni kwenye paka hayafai. Sabuni za vioo zenye amonia nazo ziache, kwani kwa pua ya paka ni kama mwenzake amepita, naye atajibu.

Na hapa tumefika kwa paka mwenyewe, ambaye bila yeye haya yote ni kuteka maji kwa pakacha. Angalia doa liko wapi. Likiwa ukutani, kwenye pazia au ubavuni mwa kochi, kimo cha kiuno cha paka, hajajisaidia, amepiga chapa. Huyo mara nyingi ni shume, dume asiyehasiwa, na tiba yake ni daktari wa mifugo. Kuhasi hukomesha au hupunguza sana chapa kwa takriban madume tisa kati ya kumi, na hupunguza felinini, hivyo hata mkojo unaobaki haunuki kama awali. Wapo watu wema wanaoona kuhasi ni dhuluma. Nawaelewa, lakini dume aliyefukuzwa kwa sababu ya harufu, akaishia jaani na masikio yaliyochanika, hajatendewa hisani kubwa zaidi.

Doa likiwa chini, la duara, kitandani au kwenye nguo, jiulize kuhusu choo chake. Paka hapendi sanduku chafu, wala lililo karibu na sahani yake, wala lililo njiani wanapopita watoto. Madaktari wanashauri masanduku yazidi idadi ya paka kwa moja. Mchanga mkavu wa pwani wafaa kabisa, maranda ya mbao pia, mradi mavi yatolewe kila siku na mchanga ubadilishwe wote kila baada ya siku chache. Mgeni mpya nyumbani, mtoto mchanga, kuhama, au paka wa jirani anayechungulia dirishani, vyote vyaweza kumvuruga.

Ikiwa hakuna kilichobadilika na paka aliyekuwa msafi kwa miaka ameanza ghafla kukojoa ovyo, usimpige na usimtie pua katika mkojo. Kisukari, ugonjwa wa figo na uvimbe wa kibofu huanza hivyo. Na ukimwona dume anachuchumaa tena na tena, analia, na hakitoki kitu au yanatoka matone yenye damu, acha ndoo, acha siki, acha sura hii. Njia yake ya mkojo huenda imeziba, na paka wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.